Nanasi la Kuazima

Wintlecombe, Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1767

Habari kubwa! Duke wa Ravensholt anakuja. Barua imefika asubuhi nikiwa bado sijavaa wigi. Ijumaa atakula kwangu na kulala kwangu, kisha Jumamosi ataendelea hadi kwa Baroni Penrudd, jirani yangu wa ng'ambo ya mto. Ningependa kuandika kwamba Penrudd ni mtu mwema, lakini sipendi kudanganya ndani ya shajara.

Jambo lenyewe liko hivi. Mwakilishi wa Mfalme katika jimbo letu amefariki, Mungu amrehemu, na kiti chake, pamoja na uongozi wa jeshi la jimbo, ki wazi. Jina ambalo Duke atamnong'oneza Mfalme, hilo ndilo litakalokaa. Baba yangu alikikalia kiti hicho miaka kumi na tisa. Babu yangu pia. Picha zao zimetundikwa katika chumba cha kulia, makoti mekundu, panga viunoni, na kila nikinywa supu wananitazama. Mimi ndiye Baroni wa kwanza wa Wintlecombe kunywa supu bila koti jekundu. Nalitaka koti lile mpaka naumwa. Basi, nimeandika.

Tatizo: Penrudd ana nanasi.

Nililiona wiki jana mezani kwake, tunda ambalo katika nchi yetu ya baridi bei yake ni gari pamoja na farasi wake. Tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana. Lilisimama katikati ya meza juu ya sinia la fedha, magamba ya dhahabu, taji la majani kichwani. Tulikuwa watu kumi na wanane na sote tulinyamaza. Hakimu Tolley alivua wigi bila kujua. Mimi niliinama. Naapa, kiuno kiliinama chenyewe! Penrudd akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia viazi, kwamba ah, hilo ni tunda tu la bandani kwake. Hakuna aliyeligusa, bila shaka. Nani akate nanasi? Heri ukate pazia la kanisa ujishonee suruali.

Sisi pia tunalo. Yaani, tutakuwa nalo. Mzee Farquhar, mtunza bustani wangu, Mskoti, analilea mwaka wa tatu huu katika banda la vioo, limezikwa hadi kiunoni katika magome ya mwaloni yanayochacha na kutoa joto. Nimekwenda kulitazama. Lina ukubwa wa kitunguu. Farquhar amesema litaiva Oktoba. Nimemwambia Duke anakuja Ijumaa. Amesema basi Duke aje Oktoba.

Jumanne, tarehe 4

Nimepata wazo. Nimelipata kitandani, kabla hata ya kahawa. Nanasi linapenda joto. Oktoba ni nini, kama si joto lililochelewa kufika? Ukilizidisha mara ishirini, siku tatu zinatosha. Nilistaajabu kwamba wataalamu wote wa Ulaya hawajaliona hili.

Farquhar alikuwa amekwenda mjini kununua vyungu. Nikawachukua watumishi wawili, tukajaza makaa ya mawe katika tanuri la banda mpaka bomba likawa jekundu. Nilisimama nje nikitazama mvuke ukipanda kwenye vioo. Mandhari ya kutukuka! Saa nane mchana vioo viwili vilipasuka. Saa tisa ikaja harufu, nzuri sana, kama ya keki ya Krismasi. Hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi.

Farquhar akarudi. Aliingia, akalitoa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akiwa amelipakata. Lilikuwa jeusi na limesinyaa. Kisha alitamka neno moja la kwao ambalo sitaliandika. Kisha akasema, "Bwana mkubwa, miaka mitatu. Hata mke wangu sikumtunza hivi."

Anataka kurudi Uskoti. Papo hapo nimempandisha cheo awe mkuu wa watunza bustani wote. Akauliza mkuu wa nani, na yuko peke yake. Nikamwambia hilo ndilo zuri, hatapata mpinzani.

Mke wangu Dorothea amesema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nimemjibu kwamba hapa hakuna aliyetaja habari za kula.

Jumatano, tarehe 5

Nimekwenda kwa Bibi Mjane Lavinia Haddow, maili tisa. Kila mtu wa daraja letu anajua kwamba Bibi Mjane ana nanasi, na kwamba huliazimisha kwa anayempenda. Mimi hanipendi. Mwaka 1759 nilimkalia mbwa wake. Hakufa, alichechemea tu, na hata hivyo alichechemea kwa kujidai.

Bibi Mjane ana mbwa sita wenye pua bapa, na yeye mwenyewe ana sikio moja lisilosikia, nalo huchagua lenyewe lini lisisikie. Nilieleza shida yangu mara tatu. Hatimaye akataja masharti. Lisikatwe. Lisiguswe na mkono mtupu. Mtu asilipumulie karibu, hasa aliyekula vitunguu. Yeye mwenyewe atakuja nalo na ataketi kando ya Duke. Jumamosi asubuhi na mapema liondoke, maana lina miadi kwingine.

Na nimwombe radhi mbwa.

Nimepiga magoti juu ya zulia, mimi, Baroni wa tisa, nikamwomba radhi mbwa anayeitwa Bijou. Bijou akanigeuzia mgongo. "Rudia," akasema Bibi Mjane. "Hajasadiki. Sema kwa moyo, kijana wangu."

Nina miaka hamsini na miwili. Nikarudia.

Nyumbani Dorothea amesikiliza yote akifuma, kisha akasema nguo ya kuazima haisitiri makalio. Nimemwambia hii si nguo. Akasema makalio lakini ni yale yale.

Alhamisi, tarehe 6

Limefika!

Limekuja ndani ya gari la farasi wanne, peke yake, juu ya mto wa mahameli, mapazia yamefungwa nusu. Bibi Mjane alifuata nyuma katika gari dogo pamoja na mbwa. Nilikuwa nimewapanga watumishi wote mstari mmoja mbele ya mlango, na sikuwaamuru wavue kofia. Walivua wenyewe. Bi Oakes, mpishi wetu, mwanamke ambaye humkata bata bukini kichwa huku akiimba, alijifuta machozi kwa aproni. Tulilibeba watu wanne, ingawa mmoja angetosha. Hakuna aliyetaka kukosa.

Farquhar alikuja akiwa bado amenuna. Alilizunguka taratibu, mikono nyuma. Akanusa. Uso wake wote ukalegea. "Huyu," akasema, "amelelewa na mtu anayejua kazi." Kisha akaongeza kwamba upande wa kushoto umeanza kulainika, kwa hiyo mezani tutauelekeza anapoketi Dorothea, ambaye hajali.

Mchana nimejifungia nalo chumbani saa nzima. Nilitaka kufikiria hotuba ya kesho lakini nimebaki nikilitazama tu. Kila gamba limekaa mahali pake, mistari inapanda ikizunguka, hakuna iliyokosea. Nani aliipanga? Mimi siwezi kupanga hata vitabu vyangu. Siku ya kutawazwa kwa Mfalme nilikuwepo, nilisimama nyuma ya nguzo, nikauona mguu mmoja wa Mfalme na nikajivunia mwaka mzima. Hili nimeliona lote. Limetoka nchi za jua ambazo sitazikanyaga kamwe, limekubali kusimama mezani kwangu, Wintlecombe, ambako mvua hainyeshi ila inapojisikia, na hujisikia kila siku. Nimetoka chumbani nikitembea kwa ncha za vidole vya miguu.

Ijumaa, tarehe 7

Niandike kwa utaratibu.

Duke alifika saa tisa. Mtu mfupi, mpole, koti la kahawia, na kucha zake zilikuwa na udongo. Nilidhani ni mtindo mpya wa London. Niliwahi bustanini nikazipaka zangu pia.

Saa kumi tuliketi. Watu kumi: Duke, Bibi Mjane kando yake, Hakimu Tolley na mkewe, kasisi, na wengine ambao leo hawana maana. Supu ya kasa, kisha samaki, kisha kondoo. Farquhar nilimvika sare ya mhudumu abebe bakuli la mchuzi, kwa kuwa tulipungukiwa na watu. Duke hakula. Alikuwa akilitazama nanasi, na watu wote walimfuata macho, na ukawa ukimya ule ule wa nyumbani kwa Penrudd, ila mzuri zaidi kwa sababu ulikuwa wangu.

Ndipo Duke akauliza kwa upole nani amelilea.

Bibi Mjane hakusikia. Ilikuwa zamu ya lile sikio. Nikainua macho, nikamwona baba ukutani, na koti lake. Nikasema: mimi. Kwa mikono yangu.

Duke akataka kujua ninatumia joto kiasi gani. Nikasema jingi. Akauliza kuhusu maji. Nikasema silinyweshi maji, nalinywesha divai nyekundu, kila Jumapili baada ya ibada. Kwa nini nilisema hivyo? Sijui! Ulimi ulikuwa umeshatoka nyumbani. Dorothea akafumba macho. Farquhar akaliangusha bakuli, mchuzi ukamwagika kwenye viatu vya kasisi.

Duke akasimama. Akazunguka meza, akalishika nanasi. Kwa mkono mtupu! Bibi Mjane akapiga ukelele, na mbwa sita wakamwitikia. Duke akaligeuza, akatuonyesha kovu dogo chini ya majani.

"Wintlecombe," akasema, "hapa mkasi uliteleza asubuhi ya Pasaka. Nililia kama mtoto. Hili nimelilea mimi, miaka mitatu, nikiligeuza kila siku. Wiki tatu zilizopita nilimpelekea Bibi Lavinia siku yake ya kuzaliwa. Ili ale." Kisha akainama kwenye sikio zima la Bibi Mjane. "Bibi, mbona hukula?"

Bibi Mjane akasema, "Nile? Nanasi? Kwani mimi mshenzi, baba?" Akaongeza kwamba tafadhali alirudishe kwenye sinia, maana kesho linatakiwa kwa Penrudd, na ni mara ya pili Penrudd analiazima, na mara ya kwanza alilirudisha likiwa na unyevunyevu usioeleweka.

Kumbe! Lile la Penrudd lilikuwa hili hili. Nimeliinamia tunda moja nyumba mbili. Cha ajabu, nilipolitazama tena, utukufu wake haukupungua hata chembe.

Duke aliketi kwa uzito. Alisema, bila hasira, na ingekuwa afadhali angekasirika, kwamba amelea mananasi kumi na manne katika maisha yake na yote amewapa marafiki. Hakuna aliyekula hata moja. Moja lilizungushwa mjini Bath nyumba hadi nyumba mpaka likaoza, wakalizika kwa wimbo. Yeye mwenyewe hawezi kuonja, daktari amemkataza matunda kwa sababu ya jongo, na safari moja alipojaribu kuiba kipande, kabla hata hajakitia kinywani jongo lilimlaza miezi miwili. "Kila mtu namuuliza, lilikuwaje?" akasema. "Wananijibu lilipendeza sana mezani."

Akaomba kisu.

Hakuna aliyesogea. Farquhar ndiye aliyempa, kisu chake mwenyewe cha bustanini, baada ya kukifuta kwenye sare niliyomvika. Tulisikia sauti ya ganda likikatika. Mke wa Hakimu alimshika kasisi mkono. Maji yakatiririka kwenye kitambaa cha meza, na harufu ikajaa chumba kizima mpaka nikahisi hata wale wa ukutani wanainusa. Upande wa kushoto ulikuwa umeharibika, lakini katikati, ee Mungu wangu, katikati palikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona ndani ya kitu chochote. Kila mtu akapata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Farquhar alilishwa na Duke kwa mkono wake.

Nikatia kinywani.

Sijui nianzie wapi. Nimekula kwenye meza za watu wakubwa tangu nikiwa na meno manne. Nilidhani nimekwisha kujua vitu vitamu ni vipi. Sikujua kitu. Ulimwengu ulikuwa na jambo hili ndani yake muda wote na mimi nilikuwa nikila kabichi. Nililia, sikujificha. Hakimu alilia. Farquhar aligeukia ukuta, mabega yakitikisika. Kasisi alisali upya sala ya chakula, tangu mwanzo. Hakuna aliyeweza kuzungumza, na Duke alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akitutazama usoni, mmoja mmoja, midomo yake ikicheza kidogo kama anayetafuna.

Jumamosi, tarehe 8

Yote hayajapotea! Baada ya kifungua kinywa Duke aliniita bustanini, tukaketi kwenye benchi. Nilijiandaa kutukanwa. Wala! Alisema uongo wa jana amenisamehe, kila mtu hudanganya mbele ya nanasi. Akasema jana usingizi ulimpaa, maana watu kumi walikula na hakuna hata mmoja aliyemweleza kitu.

"Lakini wewe nilikuona machozi yakikutoka," akasema. Akanisogelea mpaka magoti yetu yakagusana. Alikuwa amenishika mkono wa koti. "Niambie, ndugu yangu. Lilikuwaje?"

Nikauona mtego! Mara moja! Mtu mkubwa anampima mwenzake: je, huyu ni mtu wa dunia, anayefaa kusimama mbele ya Mfalme, au ni mshamba anayeduwaa mbele ya tunda? Koti jekundu lilikuwa umbali wa jibu moja. Nikakunja nne. Nikapiga mwayo kidogo. Nikasema, "La kawaida tu, Mtukufu. Nimekwisha kula mengi, na matamu kuliko hilo."

Duke akasema, "Aa."

Aliuachia mkono wa koti langu, akatazama nyasi. Kisha akaomba gari lake. Alipokuwa anaondoka alimshika Farquhar mkono kwa muda mrefu, wakazungumza habari za samadi, na mimi akaniinamia kichwa kutoka dirishani. Nadhani nimemweza. Dorothea ameniuliza nilimwambia nini. Nilipomweleza aliweka kazi yake ya kufuma chini, akaenda juu, na hakushuka mpaka saa ya chai.

Jumanne, tarehe 11

Penrudd!

Hakimu Tolley amepita na habari, na aliitoa kwa furaha isiyo ya Kikristo. Mwakilishi wa Mfalme ni Penrudd. Jumamosi hakuwa na nanasi, alimlisha Duke kondoo wa kuchemsha na tanipu, mizizi ya kulishia ng'ombe. Duke akamuuliza kwa huzuni tu kama alipokaa na lile tunda aliwahi kujiuliza lina ladha gani. Na Penrudd, mtu asiye na haya, akaanguka miguuni pake akakiri kwamba alililamba. Mara mbili! Nyuma ya mlango wa stoo, mchana kweupe! Alisema lilikuwa na ncha, lilimchoma ulimi, kisha ukaja utamu mdogo sana kutoka mbali mpaka masikio yakamwasha, na tangu siku hiyo kila akimtazama mkewe anafikiria nanasi. Duke alimfanya arudie mara tatu. Alicheka, akalia, akaomba kalamu akayaandika.

Kulamba! Mtu analamba kitu cha kuazima anapewa jeshi la jimbo! Nimetafakari kwa kina na nimeiona sababu ya kushindwa kwangu. Penrudd ni mnafiki, anajua kujipendekeza. Mimi kosa langu lilikuwa moja tu: niliruhusu kisu kiingie katika nyumba hii.

Alhamisi, tarehe 13

Jua limetoka! Farquhar hakwenda Uskoti. Leo ameniita bandani kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita kwenye chumba cha mzazi. Taji la lile nanasi hakulitupa. Amelipanda katika chungu, ndani ya magome, na Duke mwenyewe amemwandikia barua ya kurasa nne jinsi ya kulilea. Majani yamesimama. Katikati pana jani jipya, dogo, la kijani kibichi, limetokeza tangu jana. Tulisimama sote watatu, mimi na Dorothea na Farquhar, bila kupumua vizuri. Ajabu ya Mungu. Kitu kilichokatwa kichwa, na kichwa kinaendelea na safari.

Miaka mitatu, amesema Farquhar. Nitakuwa na hamsini na mitano, umri mzuri wa koti. Penrudd ana kifua kibovu.

Nimekwisha kuandika kanuni na kuzibandika mlangoni pa banda. Lisikatwe. Lisiguswe. Atakayelikaribia na kisu atafukuzwa kazi, na kama ni Duke, nitamwomba kwa heshima akishike kisu hicho mbali. Pia nimemwandikia Bibi Mjane kwamba atakuwa wa kwanza kuliazima, kwa masharti yangu, na kwamba Bijou abaki nyumbani.

Dorothea amezisoma kanuni zote, kidole kwenye kila mstari. Akauliza: na sisi je, tutakula lini? Nimemwambia watu wa daraja letu hawali vitu kama hivyo, yeye hajui? Akanitazama tu. Nikatoka nje haraka, kwa maana mate yalikuwa yamenijaa kinywani na sikuweza kusema zaidi.